Utuo: Maneno ya Siku za Kupona Nyumbani

Kiswahili kilipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, nchi ya Tabora, juu ya mabega ya watu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara ilikuwa imekwisha kupitisha pembe, ushanga, nguo na watu waliotekwa, na pamoja nao ikapitisha maneno. Mengi kati ya maneno hayo ni ya mwili uliochoka: kujitwika, kutua, kupumzika, kupagaa, kuugua njiani. Nayaita leo yafanye kazi mpya. Nataka yamhudumie mwanamke aliyerudi nyumbani baada ya titi lake kuondolewa kwa sababu ya saratani, na jingine kuundwa mahali pake.

Mwanamke wa Tabora anayehitaji tiba ya namna hiyo husafiri. Huenda Bugando, Mwanza, au hushuka hadi Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi hubaki bila kuundiwa titi jingine, wachache huundiwa. Wote hurudi na karatasi ya maelekezo, na kila agizo lililo juu ya karatasi hiyo limesimama juu ya neno. Neno likiyumba, mwili ndio unaolipa. Ndiyo maana nawaomba wapenzi wa lugha tuyapime maneno haya moja moja.

Tuanze na kiungo chenyewe. Pwani walikiita ziwa, na wingi wake, maziwa, ukawa jina la kinachotoka ndani yake. Ndugu wa tumbo moja bado husema wamenyonya ziwa moja. Lakini bara ziwa limeelekea majini: njia ya misafara iliishia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na Mnyamwezi ukimtajia maradhi ya ziwa anaweza kudhani unazungumzia Kigoma. Yeye kwa lugha yake ana mabele, neno linalobeba matiti na maziwa pamoja, na ukivuka Kongo utalikuta hata katika Kilingala. Kwa hospitali, titi limeshinda kwa uwazi wake. Tulishike.

Wapo wanaoona haya kulitaja, wakasema kifua. Haya ni adabu, lakini hapa inapoteza njia. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu mwenye kifua anakohoa. Mwanamke akisema mlangoni pa hospitali kwamba ana tatizo la kifua, anaweza kupewa dawa ya kikohozi huku uvimbe ukikua. Neno la heshima lisilomfikisha mgonjwa kwa daktari wake halijamheshimu.

Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule wa baharini. Kansa limetoka Kilatini kupitia Kiingereza, na maana yake ya asili ni kaa yuleyule. Mapokeo mawili yamekutana kwenye mnyama mmoja, na sina ugomvi na lolote kati yake. Ugomvi wangu ni na wingi. Mabango yanasema saratani ya matiti hata pale ugonjwa ulipo upande mmoja, na mwanamke aliyeambiwa hivyo huhesabu mawili. Tuseme saratani ya titi, na wingi utumike pale tu pande zote mbili zinapohusika.

Mtaani husemwa kwamba fulani amekatwa titi. Kitenzi hiki kinataja kisu na kumwacha mwanamke amelala chini yake. Kuondolewa titi kunataja kilichotoka, na sababu ya kukitoa hubaki karibu. Sitaki kumpokonya neno kata mwanamke anayesema mwenyewe, "Nilikatwa." Hilo ni lake, amelilipia. Lakini sisi tulio kando yake tuseme aliondolewa.

Sasa tendo la pili, ambalo bado halijapata jina moja lililotulia. Duniani si jipya. Mwaka 1895 daktari Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alieleza jinsi alivyochukua uvimbe wa mafuta kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa wake na kuujazia mahali nyama ya titi ilipoondolewa. Mwaka 1962 huko Houston, Marekani, vifuko vya silikoni vilitiwa kwa mara ya kwanza. Sisi tuna majina manne yanayogombana: ujenzi mpya wa titi, kurejesha titi, kurekebisha titi, upasuaji wa plastiki.

Ujenzi mpya unanuka saruji. Ni neno la daraja lililochukuliwa na mafuriko. Kurejesha kunaahidi kisichowezekana, kwani titi lililoondolewa halirudi, na hili jingine halitoi maziwa. Kurekebisha kunadokeza kwamba palikuwa na kosa. Plastiki ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu msikilizaji wetu huona ndoo na mifuko. Neno hilo lilianzia kwa Wagiriki likiwa na maana ya kufinyanga, nalo liliingia katika upasuaji kabla ndoo za plastiki hazijabuniwa. Kwetu maana hiyo haikusafiri nalo.

Napendekeza kuunda. Kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi: huchukua mbao iliyokuwa kitu kingine, akaipa umbo na kuunga kipande kwa kipande mpaka chombo kikaelea. Hudai ustadi, hudai muda, na hakudanganyi kwamba mti umerudi kuwa mti. Tuseme uundaji wa titi, na titi lililoundwa.

Kwa sababu hiyo nakataa titi bandia. Noti bandia ni kosa la jinai, dawa bandia huua, na mtoto wa bandia ni kichezeo. Meno ya bandia tumeyazoea, lakini mazoea hayalisafishi neno. Kwa kile kinachowekwa ndani ya sidiria na kuvuliwa usiku, titi la kuvaa linatosha na halimshtaki mtu. Sidiria yenyewe, kwa njia, imetoka katika Kiarabu, kwenye neno la kifua. Ni vazi lililopewa jina la mahali linapokaa, bila kuhukumu kilichomo.

Kipandikizi nacho kina mtego. Ni neno zuri la mkulima: kupandikiza ni kuhamisha mche kutoka kitaluni hadi shambani. Lakini katika kliniki za Tanzania kipandikizi kina mwenyewe tayari, nacho ni kile kijiti cha uzazi wa mpango kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono. Mwanamke akiambiwa ana kipandikizi, hutazama mkono wake. Basi tuseme kifuko cha silikoni. Na kile kifuko cha muda kinachojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka ngozi ipate nafasi, kiwe kitanuzi, kutokana na kutanua.

Wakati mwingine titi huundwa kwa nyama ya mwenyewe kutoka tumboni au mgongoni. Nimesikia ikiitwa kiraka. Kiraka ni cha suruali iliyochakaa, tukiache huko. Mnofu ni neno safi: nyama isiyo na mfupa. Na kwa kuwa mnofu huu huja na mishipa yake ya damu, ukaishi mahali papya kwa damu hiyo, naomba tuuite mnofu mhamiaji. Watu wa Tabora watalielewa upesi. Mji wao umejaa koo zilizotoka Manyema, pwani na Uarabuni, zikahamia na kila kilichozihuisha.

Kabla ya hayo yote mgonjwa hulazwa usingizi. Wazee husema alipigwa nusu kaputi. Kaputi ni la Kijerumani, kitu kilichoharibika au kwisha kabisa, na nusu tukaliongeza sisi. Ni kumbukumbu ya enzi ya maboma, nami nalipenda kama kumbukumbu. Kando ya kitanda nachagua dawa ya usingizi, kwa sababu usingizi una kuamka ndani yake.

Siku ya kutoka wodini, Mtanzania husema ameruhusiwa. Tazama lilivyo: mgonjwa amepewa ruhusa, mwenye mamlaka amemwachia. Ni neno la adabu, lakini limewadanganya wengi kuwa matibabu yamekwisha, wakaacha tarehe ya kliniki ipite. Tuliongezee mkia: ameruhusiwa kuuguziwa nyumbani. Maneno mawili zaidi yanatoa picha kamili, kwamba kazi imehamia kwingine na bado inaendelea.

Hurudi na mrija ubavuni, wenye kichupa mwishoni, wa kutoa maji ya jeraha. Wengi huuita mpira. Neno hili lina watoto wengi mno: mpira wa miguu, mpira wa mkojo, mpira wa kiume. Mrija ni bora. Lakini mrija una historia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's hapo hapo mjini, ndiye aliyeongoza nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na tangu hapo mirija ikawa alama ya wanyonyaji. Na unyonyaji umetoka wapi? Umetoka kwenye kunyonya, tendo la kwanza la mtoto kwenye titi. Siasa iliazima tendo la upendo ikaligeuza tusi. Mrija wa jeraha unalirudishia heshima: hunyonya kile ambacho kikibaki ndani huchelewesha kupona. Tuulinde.

Maji yake yana majina, na kila jina ni habari. Damu ni damu. Maji mekundu yanayopauka siku hadi siku ni maji ya jeraha, njia ya kawaida. Usaha ni jambo jingine, na mwenye kuuona arudi hospitali. Atakayeandika "uchafu" kwa vyote vitatu amemnyima mgonjwa macho.

Mshono ni zawadi ya mafundi cherehani kwa hospitali zetu. Mshono wa kitenge ni mtindo, wa mwilini ni mahali palipounganishwa, na yote miwili husifiwa ikikaa vizuri. Usemi wa mshono umekauka, au mshono umefumuka, unaeleweka kutoka Nzega hadi Sikonge bila mkalimani. Nauweka juu ya kidonda, kwa kuwa kidonda husikika kama kitu kilichozuka chenyewe na kinachoweza kuwa donda ndugu. Mshono una mshonaji, na una siku ya kutoa nyuzi. Ukishapona, huacha kovu, na kovu ni neno lisilohitaji msaada wa mtu.

Kwa maumivu lugha yetu ni tajiri kuliko karatasi yoyote inayouliza "Unaumwa kiasi gani?" Mshono unaweza kuvuta, kubana, kuwasha, kuchoma, kuchonyota, kuwanga, kupwita. Haya si mapambo. Kuvuta na kuwasha mara nyingi ni ngozi inayofunga. Kupwita pamoja na joto, wekundu, uvimbe na homa ni mwito wa kurudi kwa daktari upesi. Nawasihi wauguzi wasikubali "inauma tu". Waulize kitenzi. Mama mtu mzima wa Uyui anacho, na kitenzi chake ni kipimo.

Mahali fulani pa kifua na ndani ya mkono hapataumwa kabisa. Patakuwa na ganzi. Msemo wetu ni kufa ganzi, na hapo namwonea huruma mgonjwa. Ametoka kuogopa kifo, sasa anaambiwa sehemu ya mwili wake imekufa. Tuseme pameingia ganzi. Kinachoingia huweza kutoka, na ganzi hiyo kwa baadhi ya wanawake hupungua, ingawa si kwa wote. Neno lisizidi ukweli kwa upande wowote.

Tumefika kwenye mizigo, na hapa Unyamwezi ni mwalimu. Kutwika ni kumsaidia mtu kuweka mzigo kichwani. Kujitwika ni kuuweka mwenyewe. Kupagaa ni kuchukua begani, na ndiko alikotoka mpagazi, aliyetembea na karibu kilo 30 kutoka pwani. Kueleka ni kumchukua mtoto mgongoni au ubavuni. Kunyanyua ni kukitoa kitu chini. Karatasi ya hospitali husema tu "usibebe mizigo". Mama huitii kwa uaminifu: haugusi mfuko wa mahindi, lakini anamweleka mjukuu, kwa sababu mjukuu si mzigo, wala katika lugha hii hataitwa hivyo. Basi agizo liseme: usijitwike ndoo, usimweleke mtoto, usinyanyue mkono kupita bega mpaka utakapoambiwa.

Vivyo hivyo "fanya kazi nyepesi". Nyepesi kwa nani? Kusonga ugali hakuitwi kazi nzito na mtu yeyote aliyekulia jikoni, lakini mwiko huo husukumwa na misuli ileile ya kifua iliyoguswa na kisu. Kutwanga, kuteka maji, kufua, kudeki: kila kimoja kina kitenzi chake. Kiswahili kimetupa vitenzi hivyo ili tuvitaje. Karatasi inayosema kazi nyepesi imekwepa lugha.

Nani atasonga ugali, basi? Anayeuguza. Hapa nasimama kwa furaha. Kuuguza ni kuugua kulikoongezewa kiambishi cha kutendesha, kama ilivyo katika kulisha, kuogesha na kunyonyesha. Mtu anayekulisha hali kwa niaba yako, hukuwezesha ule. Anayekuuguza naye hukuwezesha uugue: ulale, ulegee, ulie, bila nyumba kuanguka. Muuguzi wa hospitali na dada aliyetoka Urambo kuja kukaa na mgonjwa wamepewa na lugha cheo kimoja. Tusimwite huyu wa nyumbani msaidizi. Ni muuguzi wa nyumbani, na maelekezo yaandikwe kwa jina lake pia.

Wanaokuja kumjulia hali husema pole. Neno hili husikika karibu na kupoa, na kupoa karibu na kupona: ugonjwa ni joto, na uzima ni kupoa kwake. Kisha mgonjwa huulizwa anaendeleaje, na majibu yetu yana ngazi. Hali mbaya. Ana nafuu. Amepata ahueni. Hajambo kidogo. Hajambo. Amepona. Nafuu na ahueni yametoka kwa Waarabu, hajambo ni letu, na mgonjwa hupanda ngazi hii bila kurukishwa. Anayemwambia siku ya nne "umeshapona" amemvusha ngazi ambazo mwili haujapanda.

Baada ya miezi, watu hutafuta jina la kumwita. Mwathirika humfunga kwenye kilichompata. Shujaa ni zawadi, lakini hudai ujasiri kila asubuhi, hata asubuhi anapotaka kulia. Manusura ni neno la Kiarabu lenye nusura ndani yake, yaani msaada uliofika. Nalichagua hilo, kwa sababu linakiri kwamba alisaidiwa, na wala halimdai kitu.

Limebaki jina la siku zenyewe, hizo wiki kati ya wodi na maisha ya kawaida. Serikali ina neno utengamao kwa huduma za kurejesha uwezo wa mwili, nalo ni neno la ukoo bora: hali iliyotengemaa ni hali iliyokaa sawa baada ya kuvurugika. Liendelee ofisini na kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Nyumbani nataka neno fupi zaidi.

Nalipata kwenye kutua. Mpagazi alitua mzigo, na pale alipoutua pakawa kituo. Kutokana na tua tukapata tulia, kutokana na tulia tukapata tuliza, utulivu na dawa ya kutuliza maumivu. Mtu asiyetulia husemwa hana kituo. Ukoo mzima unazungumza juu ya mzigo ulioshuka na mwili uliobaki. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia hiyo: wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walitua hapo mwaka 1857, na mwenzao Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapo, kutoka Februari hadi Agosti 1872 akingoja watu na vifaa vya safari. Hakuna aliyeuita ukaaji huo uvivu. Msafara uliotua ulikuwa bado ni msafara.

Kwa hiyo naleta neno utuo. Mama yuko katika utuo. Utuo wake ni wa wiki kadhaa kadiri daktari atakavyosema. Katika utuo hajitwiki wala hatwangi. Mama aliyejifungua tumempa arobaini, na jamii nzima inaiheshimu bila kuuliza. Aliyeondolewa titi na kuundiwa jingine hana jina la kumlinda, ndiyo maana siku ya kumi anaulizwa mbona hajapika. Jina ni ulinzi. Mwajiri, mume na wakwe huliheshimu jambo lenye jina upesi kuliko lisilo nalo.

Neno la mwisho la kupima ni mzima. Katika Kiswahili mzima ni asiye mgonjwa, ni aliye hai, ni mtu aliyekomaa, na ni kitu kisichopungua, kinyume cha nusu na kipande. Wengine watasema neno hili linamkataa mwanamke aliyepoteza kiungo. Naona kinyume. Lugha ingetaka kuhesabu viungo, ingetenga neno la afya na neno la ukamilifu. Imeyaweka pamoja kwa makusudi ya vizazi, na tunapomsalimu "u mzima?" tunauliza uhai na afya, na jibu "mzima" humpa ukamilifu bila kumkagua.

Nimeyaweka mezani. BAKITA, walimu wa wauguzi na watangazaji wa redio za Tabora wayapime. Mwenye bora zaidi alete, nami nitalitumia lake. Lakini yako mambo yasiyohitaji kikao. Anayeandika karatasi ya maelekezo anaweza kufuta "bandia" leo, akaandika "usimweleke mtoto" badala ya "usibebe mizigo", akauliza maumivu kwa vitenzi vyake, na juu kabisa ya ukurasa akaandika jina la kipindi hiki, ili hata asiyesoma zaidi ya kichwa cha habari ajue kwamba mama huyu yuko katika utuo na hapaswi kusumbuliwa.